Mashine Ikikataa, Iseme Nini?

Kwa majuma kadhaa sikupata usingizi mzuri, na sababu yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba mama mkubwa alidhani namficha mchumba. Sikujua mashine iseme nini pale inapokataa.

Ndiyo hiyo tu. Nilikuwa nikilala kwa mama mkubwa, mtaa wa Kadutu, mvua ikipiga mabati, nami nikizungusha kichwani swali lile lile. Nikiandika sababu ya kukataa, watu wataitumia kutuzunguka. Nisipoiandika, wataondoka bila kujua walichokosea. Kulipopambazuka nilikuwa upande wa kwanza. Nilipomaliza kunawa uso nilikuwa nimehamia wa pili, na kufika mezani nilikuwa sina upande wowote.

"Sasa kijiko iko nafanya nini hapo juu?" mama mkubwa aliniuliza.

"Ninakula, maman."

"Unakula? Chai inakungoya tangu saa ile."

Ilikuwa miaka ya Zaïre, ile ya mwisho mwisho, abacost, ile suti isiyo na tai, ikiwa bado vazi la ofisini na mtu akiitwa "citoyen", mwananchi, kazini hata kama mtaani kwake alikuwa papa wa watoto wake. Nilikuwa nimerudi Bukavu na diploma ya informatique, elimu ya kompyuta, karatasi ambayo mtaani kwetu hakuna aliyejua ni ya kufanyia nini. Jirani mmoja aliniletea redio yake mbovu. Niliona haya kumwambia kwamba sikusomea redio, nikaifungua, nikaitazama, nikaifunga, ikalia. Mpaka leo sijui kwa nini. Baada ya hapo nilipata heshima kubwa, nikawa naogopa kila mtu aliyebeba kitu chenye waya.

Kazi niliipata kwenye bohari ya dawa ya shirika moja la kanisa, chini, upande wa ziwa. Kila asubuhi niliteremka kwa vijia vya Kadutu, viatu vizuri vikiwa ndani ya mfuko, kandambili zikinasa kwenye tope. Kina mama walikuwa wakipanda na mabeseni ya sambaza, dagaa wa ziwani, vichwani huku mimi nikishuka, na kwenye kona nyembamba mmoja wetu alilazimika kuegemea ukuta wa mtu. Redio zote zilikuwa zimefunguliwa kituo kimoja. Wimbo niliouanza nyumbani niliufuata mlango kwa mlango, ubeti hapa, gitaa pale, na ulipokwisha nilikuwa karibu na lami. Leo nikisikia gitaa la aina ile, magoti yangu yanajiandaa kwa mteremko.

Bohari ililisha vituo vya afya vya milimani na vya msituni. Vya Kabare vilikuwa karibu, muuguzi wa huko aliweza kuja na kurudi siku ile ile. Vya Shabunda vilikuwa habari nyingine, maana barabara yao ilikuwa imebaki kwenye ramani tu. Muuguzi alikuja na agizo la dawa, agizo likaandikwa kwenye mashine, mashine ikachapa hati, na kwa hati ile vijana wa bohari wakatoa maboksi. Hati isipotoka, hakuna boksi.

Kompyuta tuliiita mashine tu, kwa kuwa ilikuwa moja. Ilikaa chumba chake peke yake, nyuma ya pazia zito, ikifunikwa jioni kwa kitambaa cha kitenge kilichoshonwa kwa kipimo chake. Fundi aliyeileta alisema adui yake ni vumbi, basi mkuu wa huduma akatoa amri kwamba anayeingia avue viatu, awe nani. Kwa sababu hiyo nilizijua soksi za shirika zima. Padri mgeni alikuwa na soksi za kijani. Mkuu wetu mwenyewe, mtu wa abacost iliyonyooka mpaka ukosi, alikuwa na kidole kimoja kilichochungulia nje, naye alikikunja kwa siri alipoona ninatazama.

Aliyeandika maagizo alikuwa opératrice wetu, mama wa makamo aliyekuwa mpiga chapa kabla mashine haijaja. Aliandika bila kutazama vibonye, na huku akizungumza na mashine kama mtu anavyozungumza na ng'ombe anayemkamua.

Programu niliiandika mimi. Lugha ile ya hifadhidata ilikuja na makosa yake ya kiwandani, kila moja na namba yake na maneno machache ya Kiingereza ambayo pale kwetu hayakumsaidia mtu. Lakini iliniruhusu pia kutengeneza makosa yangu mwenyewe, na jambo hilo nililipenda kupita kiasi. Unaandika sharti, tuseme kituo kisiombe dawa fulani kupita kiwango chake cha miezi mitatu. Programu inapima mistari yote, na sharti likivunjwa inasimama na kurusha kosa. Namba ya kosa unaichagua wewe, mbali na zile za kiwandani ili zisichanganyike, na maneno yanayoonekana kwenye kioo ni yako. Kisha kila kilichoandikwa katika agizo lile kinafutika, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kana kwamba hakuna aliyegusa vibonye. Hapo ndipo nilipojisifu moyoni. Agizo liingie zima au lisiingie kabisa, kwa sababu agizo lililoingia nusu humfanya mtu atoke na sindano bila dawa ya kutia ndani yake.

Namba hazikunisumbua. Maneno ndiyo yaliyonisumbua. Mwanzoni niliandika ujumbe mrefu kwa kila kosa, nikaeleza mstari upi, kiwango ni kipi, nini kifanyike. Nilimpelekea mkuu aone. Alisoma akiwa amesimama, kalamu mkononi.

"Citoyenne, hii ni nini? Roman? Kitabu ya hadisi?"

"Ni maelezo, Papa chef. Ili mutu ajue."

"Ajue nini? Ukimwambia kiwango ni hiki, kesho wote wataomba kiwango. Hata wale hawana haja. Nimeona quinine inaoza ku kabati ya mutu, na mwingine anakufa kilima cha pili." Alipiga mstari juu ya maneno yangu, ukurasa hadi ukurasa, bila hasira. "Andika: Opération refusée. Inatosha. Halafu mashini haielezi. Ulishaona ofisi ya commune inaeleza?"

Nilikuwa sijaona. Nikacheka, naye akacheka, na kicheko chake kilinipendeza, kwa kuwa nilikuwa bado katika majaribio na ni yeye ambaye angesema kama nibaki au niondoke. Nikaenda nikafuta. Makosa yangu yote yakabaki na namba zao tofauti, zimeandikwa kidogo kwenye pembe ya kioo, namba ambazo mimi peke yangu nilijua maana yake. Maneno yakawa yale yale mawili kwa wote, kwamba imekataliwa. Usiku ule ndipo usingizi ulipoanza kunipita, kwa sababu mkuu alikuwa na hoja. Ingekuwa hana, ningelala.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa katika mvua kubwa za masika. Asubuhi nilitumwa mjini kutafuta utepe wa printa, na kutafuta utepe wa printa Bukavu siku zile ilikuwa safari: dukani wanakutuma kwa misheni, misheni wanakutuma kwa mtu aliyesafiri, na mke wa mtu aliyesafiri anakukaribisha kiti na kukuuliza habari za masomo. Nilirudi baada ya saa sita na utepe ndani ya blauzi ili usilowe. Mlangoni mwa chumba cha mashine nilikuta buti za mpira zisizo za mtu wa kwetu, zina tope jekundu lililokaukia. Ndani nikasikia kuku.

Alikuwa chini ya meza, amefungwa miguu, karibu na kile kisanduku cha kutuliza umeme. Kitu cha kwanza nilichofikiri ni manyoya kuingia kwenye tundu la disketi.

"Maman, kuku iko nafanya nini ku mashini?"

"Usiniulize mimi," opératrice alisema. "Uliza papa."

Mgeni alisimama kwa adabu, soksi zake zimelowa. Alikuwa muuguzi wa kituo kimoja ndani kabisa ya Shabunda, mtu mwembamba mwenye mvi chache. Alikuwa ameletwa na ndege ndogo iliyokuwa irudi kesho yake asubuhi kutoka uwanja wa Kavumu, na baada ya hiyo hakuna aliyejua nyingine ingekuja lini. Mzigo wake ulitakiwa uwe kwenye camionnette, pikapu ya shirika, jioni ile, kabla bohari haijafungwa, ili alfajiri upite kijiji cha Miti na kufika uwanjani.

"Mademoiselle, njo weye muzazi wa mashini?"

"Ni mimi niliandika programu, papa."

"Bon. Kuku ni yako. Haiko kitu kikubwa. Ningekuwa na muda ningekuletea nyama ya pori."

"Kuku ya nini, papa?"

Alimtazama opératrice, kama mtu anayeuliza kama huyu mtoto anatania au vipi.

"Mademoiselle, mimi si mutoto. Mutu akikataa na hasemi juu ya nini, iko anangoya kitu. Asubuhi maman aliandika agizo yangu, mashini ikakataa. Nikasema pengine nimeomba sana, nikakata quinine nusu. Ikakataa. Nikakata serum ya kutundikia bagonjwa. Ikakataa. Sasa nikate nini? Njo nikasema, aa, kumbe."

"Nilimwambia mashini haikule kuku," opératrice alisema.

"Mashini haikule. Benye mashini banakula."

Opératrice alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilicheka pia, kidogo, kisha nikakaa kitini na utepe wangu.

Mtu aliyeishi miaka ile hahitaji kuelezwa. Dirisha la ofisi lilikuambia haiwezekani, kisha likanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikokuambia bei. Hongo ile tuliiita madeso ya watoto, maharage ya watoto, na tulisema tukicheka, kwa kuwa karani naye alikuwa na watoto na mshahara wake ulikuwa hadithi. Kila mmoja wetu alijua kusoma ukimya ule. Mama mkubwa aliusoma haraka kuliko gazeti. Nami nilikuwa nimeipa mashine sauti ya dirisha lile, nikidhani nimeipa sauti ya haki. Mgeni hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonichoma. Alifanya alichozoea kufanya, kwa heshima zote, na hata akaomba radhi kwamba hakuleta nyama ya pori.

Niliomba nione namba kwenye pembe. Opératrice akaliandika tena agizo la asubuhi kama lilivyokuwa, likakataliwa, nikainama nikasoma.

"Bandeji," nikasema.

"Bandeji?"

"Umeomba bandeji kupita kiwango ya kituo chako. Zingine zote ziko sawa, papa. Hata quinine yako ya kwanza ilikuwa sawa."

Alikaa chini taratibu. Alinieleza kwamba bandeji zile hazikuwa zake peke yake. Mto ulikuwa umejaa, na kituo cha ng'ambo hakikuweza kutuma mtu, basi yeye aliyepata nafasi kwenye ndege alichukua vya wote wawili, ndivyo wanavyofanya huko tangu zamani. Dawa nyingine zilitosha kugawana. Bandeji hapana, kwa sababu kule kuna vijana wachimbaji wa dhahabu, na mashimo huwakata.

"Kwa hiyo quinine ya batoto nilikata juu ya bandeji," alisema. Hakuniuliza. Kuku akapiga mabawa mara moja, akatulia.

Opératrice ndiye aliyeona njia fupi. "Umeshamuambia kwa kinywa. Tunapunguza bandeji, tunaandika, hati inatoka, mambo inaisha. Papa chef hatajua kitu."

Ilikuwa kweli. Karibu nikubali. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika karatasi ya agizo. Lakini kichwa changu hakikuumbwa kuacha mambo yaishe, na kwa mara ya kwanza majuma yale nilikishukuru. Niliwaza: kesho nitatumwa tena mjini, na atakuja mwingine, naye atakata anachodhani. Kisha nikamwaza mkuu na lile kabati alilosimulia, la quinine iliyooza. Alichosema kinatokea, sikatai. Lakini mtu akiomba kupita haja, inaonekana: mkuu anayaona maagizo, anaweza kumwita, anaweza kumpunguzia mara ijayo. Mtu akipunguza kwa kukisia, nani ataona? Dawa ambayo haikuombwa haionekani popote boharini. Inaonekana msituni tu, kitandani kwa mtoto, na sisi huko hatupo. Nilikuwa nimezipima hoja mbili majuma yote kana kwamba zina uzito mmoja. Sikuwa nimejiuliza ni kosa lipi linaweza kurekebishwa.

"Maman, nipe kiti yako," nikasema.

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka kuandika roman."

Nilifungua programu mahali penye makosa yangu. Kwa haraka nikakosea kuandika hata neno bandeji, halafu nikakumbuka kwamba neno bandeji halitakiwi kuwepo, kwamba programu yenyewe ndiyo ilitakiwa kuchukua jina la dawa kutoka kwenye mstari uliovunja sharti na kulipachika ndani ya sentensi, pamoja na kiasi kilichoombwa na kiwango chenyewe. Opératrice alisoma begani kwangu.

"Kiswahili ku mashini? Batacheka."

"Papa hapa anasoma Kifaransa vizuri kunishinda," nilisema. "Lakini mlinzi wa kituo akitumwa je? Na yule mama wa Kabare anayekuja badala ya mume wake?"

"Mimi sikatai. Ninasema batacheka tu."

Kugeuza maandishi yangu kuwa programu kulichukua muda wa kutosha kunywa chai, na hakuna aliyekunywa. Mvua ilikuwa imeanza upya. Taa ikafifia, kisanduku cha umeme kikalia tak, sote watatu tukakitazama kioo, taa ikarudi. Muuguzi alikuwa akichungulia saa ya ukutani, kisha pazia, kisha saa.

Opératrice akakaa mahali pake, akaliandika agizo la asubuhi lote, na quinine yake nzima na serum yake nzima. Alipofika mwisho mashine ikalia mlio wake wa kukataa. Muuguzi akasogea na soksi zake mbichi, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyosoma mtu aliyezoea kusomea wagonjwa maandishi ya daktari:

"Agizo halikuandikwa. Mstari wa bandeji umepita kiwango cha kituo hiki." Chini yake kiasi alichoomba, na kiwango. "Mistari mingine yote ni sawa, usiibadilishe. Punguza mstari huu peke yake, au omba sahihi ya mkuu wa huduma. Hakuna malipo. Ukiwa na swali, gonga chumba cha mashine."

Akasoma tena sehemu ya mwisho kimyakimya. Midomo yake ilikuwa inasogea.

"Hakuna malipo," akasema. "Hiyo wataiamini?"

"Wewe unaiamini?"

"Mimi nimeshaona sura yako, mademoiselle. Weye hata kuku unamuogopa."

Bandeji zikapunguzwa mpaka kiwango, agizo likaingia, printa ikachapa hati kwa utepe mpya kwa kelele zake zote. Alimwachia opératrice ile hati aipige muhuri, akaikunja, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Kuku nilimrudishia mkononi. Opératrice alipinga, akasema yeye hakumkatalia mtu kitu chochote tangu asubuhi, kwa hiyo mikono yake ilikuwa safi na angeweza kumpokea. Muuguzi alicheka sana, lakini akamchukua kuku wake. Kutoka dirishani nilimwona anavuka ua chini ya mvua kuelekea bohari, na muda mfupi baadaye vijana wakaanza kutoa maboksi ya quinine, wakiyafunika kwa turubai.

Bandeji za ng'ambo ya mto zilibaki. Mashine ilikuwa imesema ziombwe kwa sahihi ya mkuu, na mkuu hakujua bado kwamba mashine imesema lolote. Opératrice alinishauri ningoje kesho, asubuhi mkuu huwa na moyo mzuri zaidi. Lakini kesho ndege ingekuwa imeondoka. Tena nilijijua: nikipata usiku mmoja wa kufikiri, nitapata sababu za kurudisha maneno yale mawili.

Nilichapa ujumbe mpya kwenye karatasi. Nilichapa na ombi la bandeji. Nikapita ukumbini na karatasi mbili, mlango wa ofisi yake ulikuwa wazi, naye alikuwa anafunga mkoba wake aende nyumbani.

"Citoyenne. Utepe umepatikana?"

"Umepatikana, Papa chef. Nimebadilisha ujumbe wa makosa. Sasa mashine inaeleza, inataja kiwango, na inawatuma watu kwako kwa sahihi. Wa kwanza yuko chini na camionnette."

Nikaziweka karatasi zote mbili juu ya mkoba wake, ya ujumbe juu, ya bandeji chini, nikamnyoshea kalamu atie sahihi.